Akili ikianza kulalamika ukiwa unakimbia

Wakimbiaji wa Kampala, leo tuiache miguu, tuzungumze kuhusu kichwa.

Dakika 10 za kwanza akili hulalamika: leo sina nguvu, heri nirudi. Usiiamini. Moyo na mapafu bado havijafikisha oksijeni ya kutosha kwenye misuli, ndiyo maana kila kitu ni kizito. Anza polepole, kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kuhema, na malalamiko yatapungua yenyewe.

Kwenye mlima kama Naguru au Muyenga, kosa kubwa ni kutazama kileleni. Akili hupigia hesabu njia yote na kukata tamaa mapema. Shusha macho mita 10 hivi mbele, fupisha hatua, hesabu mpaka 100, kisha anza upya. Pumzi nayo ipangie: vuta kwa hatua tatu, toa kwa mbili. Mpango ukivunjika ujue mwendo umezidi. Punguza mara moja.

Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, ilikuwa mizunguko 25 ya takriban sekunde 63 kila mmoja. Fikiria mzunguko ulio nao tu.

Uzito ulioenea miguu yote miwili ni uchovu. Lakini maumivu makali ya sehemu moja, yanayokufanya uchechemee, hayo simama. Panda boda urudi nyumbani.

Na tafadhali, ukisikiliza muziki barabarani, acha sikio moja wazi.