Buluu iliyobaki chini ya jina

Juzi asubuhi Furaha alisimama nyuma ya gari la babu yake, akaniuliza: "Papa, nani ameandika hapa na kidole?" Umande ulikuwa umetanda kwenye buti, na ndani ya umande herufi sita zilisomeka: CORONA. Hakuna aliyeandika. Ni mimi niliyebandua, mwaka 2020.

Mnaikumbuka ile Toyota ya mzee, ya buluu, usukani kulia, teksi ya mtaa wa Birere miaka na miaka. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tulikuwa tumeshazoea ndoo za maji ya klori milangoni tangu Ebola ithibitishwe mjini Julai 2019. Kisha ukaja ugonjwa mwingine, wenye jina la gari la Papa, baba yangu. Watoto wa Katindo walilikimbiza wakilitaja kwa kelele. Siku moja mama mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa ameshafungua mlango, akasoma nyuma, akarudisha mguu barabarani. Jioni ile Papa alinipa ufunguo. "Toa hilo jina. Lakini rangi usiijeruhi."

Nikaanza na maji. Vumbi letu ni la volkano, jeusi, lina makali. Ukilisugua likiwa kavu linakwaruza kama msasa. Nilimaliza bidoni moja na nusu. Nikapapasa ndani ya buti, nyuma ya bati: hakuna pini, herufi zimeshikwa na gundi tu. Zingekuwa na pini, yangebaki matundu, na kutu huanzia hapo.

Nililaza kitambaa cha maji ya moto juu ya C mpaka gundi ikalegea. Mvuvi mmoja wa Kituku alikuwa amenipa kipande cha mshipi wa nailoni. Niliuzungushia vidoleni, nikaupenyeza kati ya herufi na rangi, nikavuta huku na huku kama muuzaji anavyokata mche wa sabuni kwa waya. Ulitoa sauti ndogo, ya panya anayetafuna karatasi. Papa alisimama nyuma yangu, karibu mno, nasikia pumzi yake. C ikaniangukia kiganjani. O. R. O. Kila moja aliipokea, akaifuta kwa shati, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nilipofika kwenye N maji yalikuwa yamepoa, na sikutaka kurudi jikoni. Nikachukua kisu.

Mkwaruzo ulikuwa wa urefu wa punje ya mchele, mweupe. Papa hakusema neno. Aliweka kidole gumba juu yake, akakiacha pale muda mrefu, kama mtu anayezuia damu. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na birika. A tuliitoa pamoja, yeye ameshika kitambaa, mimi mshipi.

Gundi iliyosalia niliiviringisha kwa kidole, nyingine ikatoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, halafu sabuni. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, Papa aliikataa kabisa, kwa sababu inakula rangi.

Tulipokausha, jina lilikuwa bado lipo. Jua lilikuwa limefifisha buti lote isipokuwa chini ya herufi, na pale buluu ilikuwa nzito, mbichi. Nikasema kesho nitalisugua kwa polishi hadi lipotee.

"Acha," Papa akasema. "Hiyo ndiyo rangi niliyoinunua."

Aliendesha hivyo hadi mwisho, na mimi sijaligusa. Kopo liko kabatini. Furaha ameliona, sasa anataka turudishe herufi mahali pake kwa gundi mpya. Zingeifunika ile buluu, na pengine hata ule mkwaruzo wa N. Sijui Papa angetaka nini. Nilimwambia tutazungumza akitoka shule, na amekwisha kutoka shule mara tatu.