Kule Fat-hul Muin ilikoandikwa

Sisi wagosi wa Tanga tukiulizwa dini ililetwa na nani tunanyoosha kidole Uarabuni, Hadhramaut, Yemen, Oman, basi imeisha, na Mhindi tunamuacha dukani auze vitambaa na bizari. Wakati huohuo kijana wa Ngamiani akishamaliza vile vitabu vidogo vya fiqhi, yaani sheria za dini, anapewa kitabu cha Fat-hul Muin asome mbele ya sheikh, na alieiandika ni Ahmad Zainuddin al-Malibari, mtu wa Malabar, wa Ponnani, mji mdogo pale mto Bharathappuzha unapomwagika baharini kwenye jimbo la Kerala, kusini mwa India. Yaani ukiona watu wanabishana barazani kuhusu eda au swala ya safari, kuna Mhindi wa karne ya 16 yuko ndani ya ule ubishi na hakuna anaemtaja.

Mi nimefika kule kwa sababu ya ugonjwa, kama Watanzania wengi wanaokwenda India. Nilimsindikiza ami yangu kutibiwa Kochi, mji wa hukohuko Kerala, alivyopata nafuu akaniambia mwanangu usikae hapa unanitazama usoni kama daktari, nenda Ponnani kwa Makhdum ukaniombee dua. Nikapanda treni mpaka Kuttippuram halafu basi.

Makhdum ni jina la ukoo. Wa kwanza, Sheikh Zainuddin mkubwa, alizaliwa Kochi, akahamia Ponnani na ndie anaetajwa kuujenga Msikiti wa Ijumaa mwanzoni mwa miaka ya 1500. Alifariki 1522 na kaburi lake liko hapohapo msikitini. Mwenye Fat-hul Muin ni mjukuu wake.

Sasa ukifika usitafute kuba wala mnara, hakuna. Ni jengo la paa za vigae zilizopandana, mbao nyingi, mtu asiejua anaweza kudhani ni nyumba ya tajiri fulani wa zamani, na misikiti ya kale ya Kerala ndo ilivyo, imejengwa na mafundi wa kulekule kwa mtindo uleule wa mahekalu kwa sababu mvua ya kule haina mchezo. Ndani kuna taa ya shaba inaning'inia. Zamani mwanafunzi akishaiva kielimu alikua anakaa kuizunguka ile taa na wenzake mbele ya masheikh, akitoka hapo anaitwa Musliyar, anarudi kwao kufundisha. Hakuna joho, hakuna ukumbi wa kukodi na keki, ni taa tu! Na walikua wanaandika Kimalayalam, lugha ya kule, kwa herufi za Kiarabu, kama bibi zetu walivyoandikiana barua kwa Kiswahili.

Kitu kilichonishika zaidi lakini ni habari ya Wareno. Francisco de Almeida, yule aliepita kwetu mwaka 1505 akaipiga Kilwa kisha akaichoma Mombasa, ndie huyohuyo aliekwenda kuishambulia Ponnani mwaka 1507. Miaka miwili tu! Tulisomeshwa shuleni kama vile Mreno alikua na ugomvi na pwani yetu peke yake, kumbe alikua anawafuata watu wa bahari nzima. Mjukuu Zainuddin akaandika na kitabu kingine, Tuhfatul Mujahidin, cha historia ya Malabar na vita vya Wareno, na humo anawahimiza Waislamu wapigane, ila hao watawala wa Kihindu waliowapa Waislamu hifadhi anawasema kwa wema, na mfalme mkubwa pale, Zamorin wa Calicut, alikua Mhindu na manahodha wake wa vita, akina Kunjali Marakkar, walikua Waislamu. Wale wanaopenda kuitumia historia ya huko kuchonganisha watu nadhani hicho kitabu hawajakigusa.

Ukipanda na mto kidogo unafika Thirunavaya. Hekalu la Vishnu liko upande huu, la Brahma na la Shiva yako ng'ambo, kwa hiyo mto wenyewe unapita katikati ya miungu mitatu, na mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapo. Zamani kulikua na mkusanyiko mkubwa unaitwa Mamankam, kila baada ya miaka 12, ukafa karne ya 18. Siku niliofika kulikua na watu wanawafanyia ibada marehemu wao. Mzee mmoja kanyoa kidevu, kifua wazi, kaketi na jani la mgomba mbele yake, kuhani anamuelekeza, anafinyanga madonge ya wali na ufuta anayapanga kwenye jani, halafu anasogea pembeni anapiga makofi na mikono ikiwa imelowa maji. Nikajiuliza anampigia nani. Anaita kunguru! Wakija wakala basi wafu wameridhika. Na ni walewale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar enzi za Waingereza wakasambaa pwani yote, wanaotuibia samaki kwetu Tanga pale Deep Sea kila siku na tunawatupia mawe.

Mto wenyewe unasikitisha. Una urefu wa kilomita 209 lakini kiangazi sehemu kubwa inabaki mchanga, na huo mchanga nao wamechota wee kwa ajili ya kujengea.

Kuna jambo Wadigo watalipenda. Koo za zamani za Kiislamu pale Ponnani zinakwenda kwa upande wa mama kama Wadigo wa zamani, bwana akioa anahamia kwa mkewe, anatengewa chumba kwenye nyumba ya ukweni. Nilivyomhadithia ami akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini, akasema kumbe dua nimemuombea kwa wajomba.

Kama una mgonjwa Kochi na umepata siku ya kupumua, nenda, ila epuka Juni mpaka Septemba, masika yao ndo hiyo. Ijumaa mchana msikiti unajaa sana, bora asubuhi. Na uulizie muttamala, nyuzi za kiini cha yai zilizopikwa kwenye shira, sukari yake sio ya kitoto.