Siku moja maishani mwangu: "Nataka kuuona mlima, sitaki kuupanda"

Saa 12:15 asubuhi

Kabla sijabandika maji ya chai natoka uani, nainama chini ya kamba ya nguo, naangalia kaskazini. Hapa Moshi swali la hali ya hewa ni moja tu: mlima upo? Leo upo. Vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo kushoto, Mawenzi kulia, hata wingu la kusingizia hakuna. Naandika kwenye daftari: "12:15, wazi wote." Ni asubuhi ya tisa mfululizo.

Kazi yangu ni kutembeza watu vijijini, chini ya msitu. Wenzangu wanapeleka wageni kileleni, siku sita au saba. Wa kwangu wanarudi kabla ya chakula cha mchana, ndiyo maana wenzangu hao hunitania kwamba nauza hewa. Jumamosi nina mama mstaafu kutoka Dodoma, dada yake mwenye goti linalomsumbua, na mjukuu wa miaka 9. Kwenye simu mama hakuzunguka: "Mwanangu, nataka kuuona mlima, sitaki kuupanda." Mjukuu akadandia simu kuuliza upi mrefu. Nikamwambia Kibo mita 5,895, Mawenzi 5,149. Akasema basi twende Mawenzi, ni karibu.

Saa 1:30

Chai, kiporo cha ndizi, ramani mezani. Huku kwetu migongo inateremka kutoka mlimani sambamba, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Ukifuata mgongo mmoja, mteremko ni wa taratibu, unatembea unapiga soga. Ukitaka kuvuka kwenda wa pili, hata kama unasikia mbuzi wa ng'ambo wakilia, unashuka korongoni kwa makalio na kupanda kwa mikono. Goti la dada mtu limeshaamua: mgongo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Nimechagua Old Moshi.

Saa 2:20

Daladala hadi Kiboriloni, kisha bodaboda hadi Tsuduni. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, na wenzake, tarehe 2 Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Nasimama kidogo nikijiuliza nitamsimuliaje mtoto wa miaka 9. Nafikiri nitamsimulia vilevile ilivyokuwa. Watoto huwa hawaogopi, bibi zao ndio huogopa kwa niaba yao.

Saa 2:40 hadi saa 4

Sasa kazi yenyewe. Natembea kama mama mwenye goti: hatua fupi, kusimama kila penye kivuli, kujifanya naangalia maua. Saa ya mkononi inahesabu. Mwendo wangu wa kawaida hapa ni dakika 25, leo nimetumia 55. Hizo 55 ndizo ninazoandika.

Nilichojifunza kwa aibu ni kwamba kwenye mgongo huu mlima hauonekani. Uko mbele yako kabisa, lakini umezibwa na migomba, mikahawa na miti ya migrevilea ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya watu. Unaweza kupanda saa nzima ukaona majani tu. Kwa hiyo sitafuti njia, natafuta uwazi. Nimepata mmoja: uwanja wa mpira wa shule, nyuma ya goli la juu. Kibo na Mawenzi vyote viwili, na ukigeuka unaona tambarare yote hadi bwawa la Nyumba ya Mungu likimeta. Mwalimu wa zamu anakubali tukae pale Jumamosi.

Penye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, kuna gogo la kuvukia. Maji ni ya kufika kifundo cha mguu, ila kandokando vumbi la Februari ni laini kama unga na linateleza kuliko tope. Nimeteleza. Bibi aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe ameniangalia nikijipangusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unaleta wazee?"

Habari zimenitangulia. Ameahidi kijana wake ataweka ubao juu ya gogo. "Aika mae," nikamwambia, asante mama kwa Kichagga.

Saa 3:50 nimeangalia juu. Wingu la kwanza limeshika kiuno cha Kibo. Saa 4:10 hakuna mlima. Jua likiwasha miteremko, hewa yenye unyevu wa msituni inapanda, inapoa, inageuka wingu. Ndiyo sababu ya daftari langu. Mwaka jana nilileta kundi saa 4:30, mmoja akaniuliza kwa upole mlima uko upande gani. Nilionyesha kidole kwenye weupe mtupu.

Saa 7

Mtori, halafu ofisi ya kijiji kutoa taarifa. Dereva anataka kusubiri chini kwenye lami. Nimekataa. Tutapanda kwa miguu na gari litusubiri juu, kwa sababu goti linaumia zaidi kushuka kuliko kupanda, na anayeshuka anaupa mlima kisogo.

Saa 10

Simu ya mama.

"Tutakuwa tayari saa 4, mwanangu."

"Mama, saa 4 mlima utakuwa umeshajifunika. Tuondoke saa 12 na nusu."

"Mlima gani huo unalala mapema kuliko mimi?"

Tumekubaliana saa 12:45, kwa sharti kwamba chai itakuwepo njiani. Nimeagiza maandazi 20 na chupa mbili za chai, moja ya maziwa, moja ya tangawizi.

Saa 12:30 jioni

Mawingu yamefunguka, Kibo ina rangi ya waridi. Naandika. Njia ipo, kivuli kipo, ubao utakuwepo, chai ipo, mwalimu amekubali.

Ujumbe unaingia: "Mwanangu, huko uwanjani kuna choo?"

Nampigia mwalimu. Choo kipo, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi Jumamosi hayupo. Kesho napanda tena kwa yule bibi wa mfongo, safari hii na kilo mbili za sukari.