Kutoka Kasri la Fontainebleau Hadi Barbizon kwa Miguu

Nilipokwenda Ufaransa mwezi wa Mei kumtembelea mdogo wangu, anayeishi pembezoni mwa Paris, nilikuwa na ombi moja tu la nafsi yangu, nalo ni kukiona kijiji cha Barbizon kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa historia, huko Tanga, picha aliyoichora Jean-François Millet, mkazi wa kijiji hicho, mwaka 1857, ya wanawake watatu walioinama wakiokota masuke yaliyosazwa na wavunaji, na nilitaka kuyaona mashamba yenyewe. Shida ilikuwa kwamba Barbizon haina kituo cha treni, mabasi yanayofika huko ni haba, na mimi si mtu wa kuendesha gari. Karibu kila niliyemwuliza alinishauri nikodi gari au niliache jambo hilo. Mdogo wangu ndiye aliyetazama ramani na kusema, kwa mzaha, kwamba kutoka kasri la Fontainebleau hadi kijijini si mbali kuliko njia tuliyokuwa tukiikata utotoni kwenda kwa bibi.

Safari ya kwanza iliharibika kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilipanda treni ya mstari wa R katika kituo cha Gare de Lyon, nikafika kituo cha Fontainebleau-Avon baada ya dakika kama arobaini, nikachukua basi la kwenda kasrini, na nilipofika mlangoni ndipo nilipogundua kwamba ilikuwa Jumanne, siku ambayo kasri hufungwa. Bahati njema ni kwamba bustani hazifungwi siku hiyo wala hazina kiingilio. Nilitembea kandokando ya mfereji mkubwa ulionyooka kama rula kwa mita 1,200, uliochimbwa wakati wa mfalme Henri wa Nne, nikakaa bwawani nikiwatazama samaki wanene wakigombea makombo ya mkate, kisha nikarudi. Tangu hapo nimekuwa nikiangalia siku za kufungwa kabla ya kuangalia nauli.

Nilirudi Alhamisi, na safari hii nilipanga kulala usiku mmoja mjini Fontainebleau ili siku ya kwanza iwe ya kasri na ya pili iwe ya msitu na kijiji. Uamuzi huo wa kulala ndio uliookoa kila kitu, kwa sababu kasri lina vyumba zaidi ya 1,500, na hata sehemu ndogo inayofunguliwa kwa wageni inamaliza miguu ya mtu. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga upya mwaka 1528 juu ya ngome ya zamani, na ukumbi wake mrefu, uliopambwa na mafundi kutoka Italia, umejaa alama ya salamanda, mnyama mfano wa mjusi aliyesadikiwa kuwa haungui motoni, ambaye mfalme huyo alimfanya nembo yake. Niliacha kuwahesabu salamanda nilipofika ishirini.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni kimeza kidogo cha duara, cha kuwekea kikombe cha chai ungesema, kilichomo katika chumba ambamo Napoleon alijiuzulu mwezi wa Aprili 1814. Nilipotoka nje nilisimama chini ya ngazi pacha zinazojipinda kama kiatu cha farasi, mahali ambapo tarehe 20 ya mwezi huo aliwaaga askari wake kabla ya kupelekwa kisiwani Elba. Huwa nafundisha tukio hilo kwa dakika tano, na sasa naona haya kidogo. Naongeza kwamba kasri hili liliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, mwaka uleule wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Nilipomweleza hayo mlinzi wa ukumbi mmoja, aliniomba nimwandikie jina la Kilwa katika kijikaratasi.

Ijumaa saa mbili asubuhi niliingia msituni nikiwa na lita mbili za maji, mkate, jibini na ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000 niliyoinunua mjini. Maji ni lazima kuyabeba, kwa sababu ardhi ile ni ya mchanga na mvua yote hunywewa chini. Nilitembea saa nyingi bila kukuta kijito hata kimoja. Suruali niliichomeka ndani ya soksi, kwani nilikuwa nimeonywa kuhusu kupe, na jioni nilijikagua mwili mzima kama tunavyowakagua ng'ombe.

Mimi ni mtu wa pwani, na huo mchanga ulinishangaza kuliko kasri. Chini ya mialoni na misonobari, mbali kabisa na bahari, unakanyaga mchanga mweupe, laini, unaomwagika viganjani kama unga wa sembe. Bahari ilikuwapo hapo zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, ikaacha mchanga huo, na tabaka la juu likagandamana kuwa jiwe gumu ambalo baadaye lilivunjikavunjika na kubaki majabali ya kila umbo, mengine kama tembo aliyelala, mengine kama mikate iliyopangwa. Kwa karne nyingi mawe hayo yalichongwa kuwa matofali ya kutandika barabara za Paris, na bado unakutana na vifusi vya wachongaji vimeota kuvu.

Njia za miguu katika msitu huu zina mwanzilishi anayejulikana. Claude François Denecourt, aliyekuwa askari wa Napoleon, alianza katika miaka ya 1840 kufungua vijia na kuvitia alama za rangi ya buluu, na mpaka leo vijia hivyo vinatumika. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kupotea akifuata buluu, na ndivyo nilivyopotea. Nilipita Franchard salama, penye mabaki ya makao ya watawa wa karne ya 12, lakini katika mabonde ya Apremont nilianza kuona mishale ya buluu na namba juu ya majabali, nikaifuata kwa moyo mkunjufu: nane, tisa, kumi. Njia ikawa ya ajabu. Mara mshale ulinielekeza kwenye ukuta wa jiwe, mara upande wa pili wa jabali hilohilo, na baada ya nusu saa nilikuwa nimerudi karibu na namba nane, nikiwa natokwa na jasho na kuanza kumlaumu Denecourt.

Nilinusuriwa na kijana aliyetokea akiwa amebeba godoro lililokunjwa mgongoni, ambaye kwanza nilidhani amelala msituni. Alinieleza kwa upole, akijitahidi asicheke, kwamba mishale ile ni ya wapanda majabali. Wao hupanda bila kamba, godoro likiwa limetandikwa chini kumpokea anayeanguka, na kila rangi ni kiwango cha ugumu, njano ikiwa ya wanaoanza na nyeusi ikiwa ya mabingwa. Alama ya mtembea kwa miguu ni mstari mfupi uliolala, tena mara nyingi huwa kwenye shina la mti. Mshale juu ya jiwe si wake. Basi nikatafuta mistari mifupi, na kwa mwendo wa saa moja na nusu nikatokea Barbizon.

Naamini kuwa kuingia kijijini kwa upande wa msitu ndiyo njia bora. Pale mwanzo wa kijiji, kwenye jabali, pamebandikwa sahani ya shaba yenye nyuso mbili, ya Millet na ya mchoraji mwenzake Théodore Rousseau, iliyotengenezwa na mchongaji Henri Chapu mwaka 1884. Rousseau ndiye aliyenivutia hapo, maana nilikuwa nimetoka tu kupita chini ya miti aliyoipigania. Yeye na wenzake walilalamika kwa serikali kuhusu mialoni mizee kukatwa, na mwaka 1861 hekta 1,097 zikatengwa rasmi kwa ajili ya uzuri wa msitu, miaka 11 kabla ya Wamarekani kuitenga Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa. Wachoraji ndio waliofanya hivyo, si wataalamu wa misitu.

Kijiji chenyewe ni barabara moja ndefu iitwayo Grande Rue, na sitaficha kwamba leo imekuwa ya matajiri. Bei ya chai ilinifanya niendelee na maji yangu. Lakini nyumba ya wageni ya akina Ganne, ambayo sasa ni jumba la makumbusho, ina thamani ya kiingilio chake. Wachoraji vijana walilala hapo kwa fedha kidogo, na siku za mvua, wasipoweza kutoka, walichora juu ya milango ya makabati, juu ya kuta na popote palipokuwa na ubao mtupu. Kuna kabati moja ambalo kila mlango wake una mkono wa mtu tofauti, na pembeni ya picha unaona bado tundu la ufunguo. Kilichowawezesha kwenda msituni na rangi zao ni kitu kidogo sana, tyubu ya bati ya kuwekea rangi, iliyobuniwa mwaka 1841. Kabla yake rangi ya mafuta ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe.

Mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ipo nyumba ya Millet, aliyehamia hapo mwaka 1849 na kuishi na mke na watoto tisa hadi alipofariki mwaka 1875. Niliiona haraka, maana teksi niliyoiagiza kupitia nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa inikute saa kumi na mbili jioni katika kijiji cha Chailly-en-Bière, ng'ambo ya uwanda, na bado nilikuwa na mashamba ya kuyaona. Ngano ilikuwa mbichi, ikifika magotini, na mnara wa kanisa ulionekana mbali, sawasawa na unavyoonekana nyuma ya wale wakulima wawili wanaosali katika picha yake nyingine mashuhuri. Ni uwanda wa kawaida kabisa. Nilipiga picha moja ya matuta, kwa ajili ya wanafunzi, nikaenda makaburini Chailly, ambako Millet na Rousseau wamelala jirani.

Teksi ilichelewa dakika ishirini. Dereva alishuka, akanitazama viatu, akaniomba kwa adabu nivikung'ute kwanza kabla ya kuingia. Nikakaa kwenye kizingiti cha ukuta wa makaburi nikavivua, na mchanga uliotoka ulijaa kiganja.