Nilivyompata wa Kumuuliza Kuhusu Sato Wangu

Ukiuliza habari za samaki kwenye kundi lolote la wafugaji, Facebook au WhatsApp, majibu hayachelewi. Kazi ni kujua ushike la nani. Nafuga sato kwenye bwawa la kuchimba huku Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza, na kuna kipindi samaki walianza kuja juu kila alfajiri, midomo wazi, wanahema. Jua likipanda wanazama chini, utadhani si wao.

Nikaandika hivyo hivyo kundini, majibu yakamiminika. Weka chumvi. Weka dawa. Badilisha chakula. Njoo inboksi nikuelekeze. Wengi wa inboksi walikuwa na kitu cha kuuza. Riziki ni haki ya kila mtu, lakini anayekuuzia dawa kabla hajajua samaki wana nini hafai kusikilizwa.

Kaka mmoja yeye aliuliza: "Mkuu, wanakuja juu saa ngapi? Maji rangi gani? Hebu zamisha mkono, uone kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko au la." Nikashuka bwawani, nikakunja shati. Maji yalikuwa hata hayajafika nusu ya mkono, kiganja sikioni tena. Kijani tupu.

Kabla ya kumfuata nilimpekua. Nilisoma alivyowajibu wengine huko nyuma, nikiangalia zaidi kama waliojibiwa walirudi kusema imekuwaje. Walirudi. Na mahali fulani alipoulizwa kuhusu vizimba vya kufugia samaki ziwani, alisema hana uzoefu navyo, waulizwe TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au chuo cha uvuvi Nyegezi. Hapo ndipo nilipomwamini.

Akanieleza kwamba mwani ule wa kijani hutoa oksijeni mchana, ila usiku nao unaivuta, pamoja na samaki. Ndiyo maana alfajiri hewa majini inakuwa imepungua kuliko saa zote. Nisimamishe samadi, maana ndiyo inayorutubisha mwani, nitoe sehemu ya maji niingize mapya, na asubuhi nisilishe mpaka samaki wachangamke. Nilifanya, na haikuchukua muda alfajiri maji yakawa yametulia.

Siku hizi naweka swali langu likiwa limekamilika: picha ya maji, saa tatizo linapotokea, ukubwa wa bwawa, idadi ya samaki, wanakula nini. Mjuzi hana muda wa kukuvuta maneno mdomoni. Tena nauliza mbele ya kundi zima, maana akikosea mmoja, mwingine anamsahihisha. Inboksi nani atamsahihisha?

Jirani yangu wa Igombe anataka kuweka vizimba. Huyo nimemwambia mitandao isubiri, apande daladala mpaka Nyegezi. Kina cha maji, mawimbi, vibali, hayo hayajibiwi kwa kutazama picha ya simu.