Kanzu ya Ijumaa na nguo za siku sita

"Baba watoto, we Ijumaa ndo unakuwa mtu. Siku nyingine kama umeazima nguo."

Mke wangu kaniambia hivi si mara moja wala mbili, na kila mara nilicheka nikaenda zangu kazini. Siku moja nikajiangalia kwenye kioo cha mlango wa ofisi, cha kiza kile, nikamwona mtu mrefu mwembamba, shati limemvimba ubavuni kama tanga, mikono imeishia juu ya saa, suruali imembana kama soksi. Nikasema, lo, kumbe mwenzangu hatanii.

Mie nna futi sita na inchi mbili, na unene sikujaaliwa. Kwetu Wete, Pemba, nikiitwa Mlingoti tangu skuli. Nguo za dukani kwa mtu wa aina yangu ni mtihani: likitosha kwa urefu, ndani unacheza kama ulimi wa kengele, likitosha kwa upana, mikono inakatika njiani. Basi miaka yote hiyo nilikuwa navaa kinachovaliwa. Zilipokuja suruali za modo, nikanunua modo. Ami yangu, aliyefanya kazi bandarini Dar es Salaam ujanani mwake, aliniona nayo Forodhani, hapa mjini Unguja, akashika kiuno. Akanikumbusha mwaka 1968, Vijana wa TANU walipotangaza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana. "Zama zile mwanangu, na hiyo ungekiona." Sikubali mtu kufukuzwa njiani kwa sababu ya suruali, lakini kuhusu suruali yenyewe Ami alikuwa na haki. Miguu yangu ilikuwa vijiti viwili vya mishikaki.

Basi nikaanza kujiuliza hiyo Ijumaa ina nini.

Kanzu zangu mbili kashona fundi mmoja, mzee, ana kibaraza chake nyuma ya Darajani, cherehani ya mguu, na redio inayokoroma. Nilimpelekea kanzu kwa sababu kanzu za dukani huandikwa urefu tu: 56, 58, 60, 62. Yangu ni 60, lakini aliyeikata 60 hiyo alimfikiria mtu mwenye kitambi. Mzee akanishonea ya kwangu. Na hapo ndo jawabu lilipokuwa, mie nikilivaa kila wiki bila ya kuliona: Ijumaa ndiyo siku pekee niliyokuwa navaa nguo iliyopimwa juu ya mwili wangu.

Nikamwendea na ile kanzu mkononi. "Mzee, nataka shati litoke humu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kanzu uikate iwe shati?"

"Hapana. Nataka shati linikae kama hii inavyonikaa."

Akaitandaza kanzu juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Akaniambia niangalie pale. Mshono unaishia kwenye mfupa wa bega hasa, hauteremki mkononi. Kisha kwapa: limekatwa juu, kwa hiyo nikinyanyua mkono nguo yote hainifuati. Mkono wake inchi 27, unafika kwenye kifundo na kutulia. Kifuani pana nafasi ya hewa, lakini si ya mtu wa pili. Na chini, pembeni, pana mipasuo midogo, ndiyo inayofanya nguo iende na hatua. Yote hayo nilikuwa nayavaa tangu nimeoa!

Tukakubaliana: kola ya kusimama, mifuko ya pembeni, mipasuo, lisichomekwe. Urefu ufike katikati ya paja. Nilitaka fupi zaidi, mzee akakataa katakata. "Mtu mrefu ukimkatia fupi, unamwongeza miguu. Wewe miguu unayo ya kutosha."

Shati la kwanza niliharibu mwenyewe. Nilinunua pamba wari tatu, nzuri, nzito kiasi, nikampelekea siku ile ile. Aliniuliza kama nimeiroweka nikasema ndiyo, maana nilikuwa na haraka ya harusi. Muongo mie. Shati lilipendeza harusini. Lilipofuliwa na kuanikwa, likarudi na mikono ya yale ya dukani. Sasa analivaa kijana wangu wa kidato cha pili, na kwake linapendeza kuliko lilivyowahi kupendeza kwangu. Tangu hapo kitambaa cha pamba kikiingia nyumbani kinalala ndani ya ndoo usiku mzima, asubuhi kinaanikwa, ndo kinakwenda kwa fundi.

Polista nimeiacha. Haikunji, kweli, na pasi haitaki, lakini kaskazi ya hapa unaijua: mwezi wa pili saa nane mchana, umetoka benki, mgongo wote umeganda na nguo. Pamba inajikunja, nami nimekubali mikunjo yake.

Rangi ndo ilinichukua muda. Kazini nilikuwa na mashati meupe tu, kwa kuwa mtu wa hesabu eti huvaa nyeupe. Mke wangu akinunua kanga husoma jina kwanza. Kama maneno hayampendezi, hata pindo liwe zuri vipi na mji umekaa sawa, anairudisha. Lakini jina likishamridhisha, anaichukua kanga anaiweka chini ya kidevu, anatoka nayo nje ya duka, juani. Nikamuuliza kwa nini nje. "Taa ya duka inasema uongo." Na mie nikaanza kutoka na vitambaa njiani, wenye maduka wakinitazama. Nikagundua kwamba nyeupe ya dukani, ile yenye ubuluu ndani yake, inanifanya kama niliyeamka na homa. Lakini rangi ya samli, na hudhurungi, ile rangi ya kanzu za wazee wa zamani, zinanikubali. Na kijani cha mwani uliokauka. Nyekundu nilijaribu siku moja. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama ni siku ya Simba. Nikaiacha hapo.

Suruali sina mengi ya kusema. Kiuno kiko juu kidogo, marinda mawili mbele, mguu umenyooka mpaka chini. Tatu tu, zote kitambaa kimoja. Modo zimekwenda kwa mpwa wangu.

Juu ya yote hayo pana kofia, na hapa sina ninachobadilisha. Dada yangu mkubwa, yuko Wete, hushona kofia za mkono jioni akishamaliza kazi za nyumba. Huchora viua kwa penseli juu ya bafta, halafu kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kitundu kimoja, kingine, kingine. Miezi inapita. Yangu ya mwisho ilianza kabla ya msimu wa karafuu na nikaipokea karafuu zimeshauzwa. Alitaka kunishonea nyeupe tupu kama kawaida, nikamwomba uzi uwe wa hudhurungi. Akanung'unika kwenye simu kwamba wanaume wa mjini wameanza maringo. Lakini alipoituma, kwa mtu aliyepanda boti Mkoani, ndani aliweka na kibonge cha uzi ule ule, cha kutengenezea ikifumuka.

Juzi nilikwenda kwa mzee na kitambaa kipya, rangi ya samli, wari tatu na nusu, kimeshalala ndooni na kuanikwa. Nilitaka shati la skukuu. Hakukigusa. Kibaraza kizima kilikuwa kanzu za watoto, zimekunjwa, kila moja na kikaratasi cha vipimo kimebanwa kwa pini, na Ramadhani hata haijaingia.

"Mfungo mosi ukishaanza, baada ya Idi, mwanangu," akasema, mguu hauachi kukanyaga. "Idi utavaa kanzu."

Nikamwachia kitambaa.