Dafu la Kunywa na Nazi ya Kupanda

Masomo: Yohana 15:1–17, Mathayo 28:16–20

Wapendwa katika Bwana,

Jumamosi iliyopita nilisimama Kengeleni, hapa Mombasa, kunywa dafu, na kwa kuwa nyuma ya nyumba yangu pana kiwanja kidogo kisicho na mti, nilimwomba kijana aliyekuwa akiyachonga anichagulie moja la kupanda. Panga lilisita hewani, akanitazama kana kwamba nimemwomba yai la kuchemsha nikamwekee kuku alitamie. "Mzee wangu," akasema, "hili ni la kunywa. La kupanda ni nazi iliyokomaa mpaka ikaanguka yenyewe, kisha uilaze kivulini miezi, uingoje itoe chipukizi."

Sisi watu wa pwani tuna jina la kila hatua ya tunda hili: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Dafu ndilo linalopendwa barabarani, kwa sababu maji yake ni matamu na kiu huisha papo hapo. Lakini likishanywewa, kifuu hutupwa na habari yake imekwisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kiasi gani cha utumishi wetu ni dafu. Mkesha uliofana, kwaya iliyotutoa machozi, semina iliyojaza viti hadi nje ya mlango: yote ni mema, nami huyafurahia kuliko wengi. Swali ni kama mbegu yoyote imebaki.

Katika Yohana 15:16 Bwana anawaambia wanafunzi kwamba amewaweka waende wakazae matunda, "na matunda yenu yapate kukaa". Tazameni neno hilo, kukaa. Ndilo lile lile alilolirudia tangu mwanzo wa sura: kaeni ndani yangu, kaeni katika pendo langu, tawi haliwezi kuzaa lisipokaa ndani ya mzabibu. Tawi lisilokaa halina namna ya kutoa tunda linalokaa, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na shughuli nyingi kanisani, akatoka kamati hii akaingia ile, huku moyo wake umekauka kwa kukosa maombi na Neno. Nasema hivi nikijua ninayemsema.

Agizo la Mathayo 28 nalo tumezoea kulisoma kana kwamba uzito wake wote uko kwenye "enendeni", tukalifanya kuwa agizo la wenye nauli. Katika Kigiriki, tendo kuu linaloamriwa pale ni moja tu, kuwafanya watu kuwa wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha ni maneno yanayolizunguka na kulitegemeza. Tena kufundisha kwenyewe si kuwajulisha watu yote aliyoyaamuru, bali ni kuwafundisha "kuyashika". Kumjulisha mtu amri kunaweza kumalizika kwa mahubiri ya nusu saa. Kumfundisha kuishika kunahitaji uijue nyumba yake, deni lake na hasira yake, naye aijue yako.

Kengeleni yenyewe imepata jina lake kutokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Lakini kabla ya kengele hiyo kulikuwa na miaka mirefu ya ukimya. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mmisionari mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846. Mtu wa kwanza waliyembatiza aliitwa Mringe, mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu na kifo. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, na waumini aliowaacha Rabai, kituo chao karibu na Mombasa, walikuwa wachache mno. Ripoti gani ya mwaka ingempongeza?

Kisha mtazameni William Jones, aliyetolewa utumwani akalelewa India, akaja kutumika pwani hii. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi. Mwaka huo huo Hannington akauawa Busoga, katika Uganda ya leo, na Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia wa msafara kurudi pwani. Sidai kwamba Jones alikuwa tunda la Rebmann, maana alilelewa kwingine na mikono mingine. Nasema tu kwamba alipokuja kuchunga watu Rabai, alikuta mahali palipokwisha kulimwa na mtu ambaye hakuyaona mavuno.

Mimi nimefundisha darasa la ubatizo kwa miaka, na orodha za majina ninazo. Mwaka jana mchungaji wangu aliniomba nimtajie mmoja tu kati yao niliyemlea hadi naye akamlea mwingine. Nilikaa kimya, naye kwa upole wake hakuniongezea neno.

Tangu hapo, kila Jumanne jioni hukaa kibandani Likoni na kijana mwendesha bodaboda, tukisoma Injili ya Luka taratibu, wakati mwingine aya tano tu, kwa sababu maswali yake hayaishi. Tulipofika kwa Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia watu aliowadhulumu, alinyamaza, akakoroga chai yake isiyohitaji kukorogwa, kisha akaniambia kwamba abiria wageni huwatoza shilingi hamsini zaidi. Sikumhubiria. Nilimweleza habari ya deni nililokuwa nikilikwepa mwenyewe, tukaomba. Wiki mbili baadaye alisema sasa anataja bei moja kwa wote, na kwamba wenzake stejini wanamcheka.

Jumanne hii alichelewa. Alipofika, nyuma yake alikuwa mmoja wa wale wacheka, kofia ya chuma ikining'inia mkononi, akiangalia mlango kama anayepima njia ya kutokea. Tukaagiza mahamri na mbaazi za watatu. Mgeni akauliza huyo Zakayo ni nani hata awaharibie watu biashara, nami nikafungua kinywa nijibu kama nilivyozoea, lakini yule kijana akawa ameshaivuta Biblia upande wake na anaitafuta sura ya kumi na tisa.